Maswali Yenu: Nani Huichagua Injini ya Ndege?

Barua za toleo hili zimeelekea upande mmoja: injini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita hapo, kwanza karakana, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, baadaye kwenye kamati za mashirika ya ndege zinazokaa na wauzaji kabla mkataba haujasainiwa. Nazijibu barua hizi kwa furaha, maana ni jambo ambalo abiria hulala juu yake usiku kucha angani na wachache sana huelezwa.

*

Mhandisi, mimi husafiri sana kwa kazi. Ndege za aina moja, katika mashirika mawili, nazikuta na majina tofauti ya watengenezaji kwenye injini. Nyingine popote nizionapo zina injini ileile. Mwenye uamuzi ni nani, anayeunda ndege au anayeinunua?

Inategemea ndege yenyewe. Kwenye Airbus A320neo shirika huulizwa: unataka LEAP-1A ya CFM, kampuni ya ubia ya GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa, au PW1100G ya Pratt & Whitney? Kwenye Boeing 787 unachagua kati ya GEnx ya GE na Trent 1000 ya Rolls-Royce. Lakini ukitaka Boeing 737 MAX utapewa LEAP-1B, basi. A350 ni Trent XWB peke yake, A330neo ni Trent 7000 peke yake, A220 ni Pratt & Whitney peke yake. Hapo shirika likishachagua ndege limeshachagua na injini, hata kama kwenye kikao injini haikutajwa.

Zamani mlango ulikuwa wazi zaidi. Boeing 777 ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995, ilipatikana na injini za makampuni matatu: Pratt & Whitney, GE na Rolls-Royce. Ilipofika zamu ya matoleo ya masafa marefu, 777-200LR na 777-300ER, mwaka 1999 Boeing ilikubaliana na GE pekee, na ndege hizo zote zikafungwa injini ya GE90. Sababu ni fedha. Kubuni injini kubwa mpya hula mabilioni ya dola, na soko la ndege kubwa ni dogo. Wakigombania watatu, huenda asipatikane hata mmoja wa kurudisha gharama zake. Basi mtengenezaji wa injini husema: nitabeba hatari, lakini nataka niwe peke yangu. Naye muundaji wa ndege ana hesabu zake: kila aina ya injini inadai mhimili wake wa kuishikilia chini ya bawa, ganda lake, programu zake za kompyuta, majaribio yake angani na cheti chake kutoka kwa mamlaka za usafiri wa anga. Injini moja inampunguzia kazi kubwa.

Kujifunga kwenye injini moja kuna hatari, na historia imeionyesha mapema. Lockheed iliiunda ndege ya L-1011 TriStar kwa kutegemea injini moja tu, RB211 ya Rolls-Royce. Rolls-Royce ilikuwa imejaribu mapanga ya feni ya nyuzi za kaboni, mapya kabisa wakati huo. Yalishindwa kuhimili jaribio la kupigwa na ndege mwitu, ikabidi warudi kwenye titani. Gharama zikapanda, na tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce ikafilisika. Serikali ya Uingereza ikaitaifisha, na Bunge la Marekani likalazimika kuidhinisha dhamana ya mikopo ya dola milioni 250 ili Lockheed nayo isianguke. Katika Seneti dhamana hiyo ilipita kwa tofauti ya kura moja! TriStar, ambayo mafundi wengi waliipenda, ilichelewa sokoni. Mshindani wake DC-10 akatangulia, na Lockheed iliunda TriStar 250 tu kabla ya kufunga kazi.

Msimamo wangu haujabadilika: pale ndege inapokuwa na injini mbili zinazoshindana, mnunuzi hupata dhamana bora zaidi, na naona uchungu kila ndege mpya inapotangazwa na injini moja. Wauzaji wawili wakijua kwamba wote wako mlangoni, vifungu vilivyokuwa "haviwezekani" asubuhi huwezekana jioni.

*

Shikamoo Mhandisi. Nasoma uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu. Nimepiga hesabu na naona jambo ni jepesi: injini inayokula mafuta kidogo ndiyo bora. Kwa nini mashirika hutumia miezi mingi kuamua?

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ya mafuta ni sahihi, na kwa mashirika mengi mafuta ndiyo gharama inayoongoza. A320neo ilinadiwa kwa ahadi ya kupunguza mafuta kwa asilimia 15 ikilinganishwa na A320 iliyoitangulia. Washindani wawili waliifuata ahadi hiyo kwa njia tofauti. LEAP-1A ina feni yenye kipenyo cha sentimita 198. Imeongeza joto na mgandamizo ndani ya kiini, sehemu ya kati ya injini ambamo mafuta huchomwa, na imetumia kauri iliyoimarishwa kwa nyuzi kwenye sehemu yenye moto mkali. PW1100G ina feni ya sentimita 206 na giaboksi inayoiwezesha feni kuzunguka kwa karibu theluthi ya kasi ya tabaini inayoiendesha (mapanga ya nyuma yanayozungushwa na gesi ya moto), hivyo feni kubwa inakwenda taratibu na tabaini inakwenda kasi, kila moja pale inapofanya kazi vizuri.

Ukiziweka zote mbili kwenye karatasi, tofauti ya mafuta baina yao ni ndogo. Tofauti inayoumiza iko kwingine, na hapo ndipo miezi inapokwenda: injini itakaa bawani muda gani kabla ya kushushwa na kupelekwa karakana?

Injini mpya hutoka kiwandani na akiba ya joto. Wakati wa kuruka tunapima joto la gesi inayotoka, na lina kikomo kisichovukwa. Injini mpya huruka ikiwa chini kabisa ya kikomo hicho. Kisha kila safari inaimega akiba: ncha za mapanga zinasagika, nafasi kati ya panga na ganda inapanuka, hewa inavuja, kompyuta inaongeza mafuta ili msukumo uleule upatikane, na joto linapanda. Siku akiba inapoisha, injini inashushwa, hata kama mlio wake ni mtamu masikioni.

Sasa tazama mtandao wa safari wa shirika. Mruko ndio unaoichosha injini kuliko saa nyingi za kwenda sawa angani. Shirika la safari za saa moja moja, linaloruka mara sita au zaidi kwa siku, litamaliza akiba hiyo haraka kuliko linalovuka bahari mara moja. Viwanja vya joto kali au vya nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, vinadai msukumo zaidi. Na vumbi! Nimepenyeza kamera nyembamba ndani ya injini zilizofanya kazi penye mchanga, nikaona mapanga ya tabaini yamepakwa kitu kama kioo. Ni mchanga wenyewe: unayeyuka kwenye moto wa ndani, unaganda juu ya panga na kuziba vitundu vya hewa ya kulipoza. Panga lisilopozwa halina maisha. Ndiyo maana mwaka 2023, kwenye maonyesho ya ndege ya Dubai, mkuu wa Emirates Tim Clark alieleza hadharani kwamba hakuridhika na muda ambao injini ya A350-1000 ingekaa bawani katika mazingira yao, na shirika likaongeza A350-900, ndege ndogo zaidi, badala yake. Injini ileile katika nchi ya baridi ingezua mjadala tofauti kabisa.

Kuna pia diski, yale magurudumu mazito yanayoshika mapanga. Hizi huhesabiwa kwa safari, si kwa saa. Katika CFM56, injini iliyoenea sana kwenye 737 na A320 za kizazi kilichopita, diski nyingi za kiini zina ukomo wa safari zipatazo 20,000. Diski ikifika hapo inatolewa, iwe inang'aa au haing'ai. Mkokotozi mzuri hujaribu kupanga ili akiba ya joto na hesabu ya diski ziishe karibu wakati mmoja, kwa sababu kuifungua injini mara mbili ni kulipa mara mbili.

Jambo jingine ambalo vitabu vyako huenda havijakufikishia: msukumo wenyewe hununuliwa kwa daraja. CFM56-7B ya 737 ni injini moja kwa umbo, lakini imeidhinishwa kwa madaraja kutoka pauni 19,500 za msukumo hadi 27,300, na kompyuta ya injini ndiyo inayoambiwa daraja lako ni lipi. Shirika linalonunua daraja la juu bila kuwa na viwanja vinavyolihitaji limetupa fedha. Na rubani anayeruka kwa msukumo uliopunguzwa pale njia ya kurukia inaporuhusu anairefushia injini maisha kila siku.

Mwisho kuna mkataba, na mimi nauona mzito kuliko yote niliyokwisha kukuandikia. Watengenezaji huuza injini kwa punguzo kubwa sana, kisha hurudisha fedha zao kwenye vipuri na matengenezo kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo mashirika mengi siku hizi hulipia injini kwa kila saa inayoruka, na mtengenezaji ndiye anayebeba matengenezo. Mpango huo ulianza mwaka 1962 na Bristol Siddeley ya Uingereza, kwa injini ndogo ya Viper, na Rolls-Royce iliyokuja kuinunua kampuni hiyo ikaukuza. Ukiandikwa vizuri, unampa mtengenezaji sababu ya kutaka injini yako isiharibike. Ukiandikwa vibaya, unalipia saa zote na bado unaambiwa uharibifu wa mchanga haumo.

Muuzaji akianza kikao kwa asilimia za mafuta nilikuwa namwacha amalize. Kisha namuuliza: injini ikishuka, ya akiba itanifikia baada ya siku ngapi, na hiyo imeandikwa wapi? Karakana ngapi duniani zinaruhusiwa kuifungua? Nikitaka kuiuza ndege baada ya miaka kumi na miwili, mkataba wa saa unahamia kwa mnunuzi au unakufa? Usipotimiza joto na muda ulioahidi, unanilipa nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapeleka kwenye kamati, na ndiyo ninayokushauri uanze kuyasoma kabla hujamaliza chuo.

*

Je, marubani huulizwa?

Huulizwa, lakini sauti yao haiamui. Rubani anajali injini iwake haraka, ijibu vizuri na isimsumbue kwa taa za tahadhari. Injini za kisasa zinafanana sana kwa hayo. Anayesikilizwa zaidi na ambaye abiria hamfikirii ni kampuni inayokodisha ndege: kama ndege si mali ya shirika, mwenye mali atataka injini ambayo mpangaji atakayefuata ataikubali.

*

Mhandisi, nimesoma kwamba ndege mpya zimeegeshwa kwa miezi kwa sababu ya kasoro ya injini. Kama A320neo ina injini za aina mbili, si wazitoe hizo zenye kasoro wafunge zile nyingine?

Swali lako lina mantiki, na ningependa sana jibu liwe ndiyo.

Kwanza kasoro yenyewe. Julai 2023, RTX, kampuni mama ya Pratt & Whitney, ilitangaza kwamba unga wa metali uliotumika kutengeneza diski za baadhi ya injini za PW1100G ulikuwa na uchafu. Unga huo ulitengenezwa kati ya mwisho wa 2015 na katikati ya 2021. Uchafu mdogo ndani ya diski unaweza kuanzisha ufa kabla ya wakati, na diski ikipasuka ikiwa inazunguka kwa kasi hakuna ganda linaloweza kuizuia. Hakukuwa na njia isipokuwa kuzishusha, kuzifungua na kuzikagua kwa vipimo vya sauti. Septemba mwaka huohuo kampuni ilisema injini 600 hadi 700 zaidi zingeshushwa kufikia 2026, na kila moja ingechukua hadi siku 300 kurudi bawani. Karakana zilikuwa tayari zimejaa. Ndege zikabaki zimeegeshwa, chini ya bawa hakuna kitu.

Kuhamia LEAP hakuwezekani kwa kufungua boliti na kufunga nyingine. Mhimili wa kushikilia injini ni tofauti, ganda ni tofauti, mabomba ya hewa na mafuta hayakutani, uzito umekaa pengine, programu za ndege zinasubiri injini nyingine, na cheti cha ndege ile kinaitaja injini iliyofungwa kiwandani. Ungekuwa unaunda upya sehemu ya ndege. Na hata ungeweza, CFM isingekuwa na injini za ziada zilizokaa ghalani zikikusubiri. Boeing ilijaribu njia hiyo kwenye 787: iliiunda kwa kiungo kimoja ili mwenye ndege aweze kubadili kutoka Rolls-Royce kwenda GE au kinyume chake. Kazi na gharama zimewazuia wenye ndege. Mapanga ya Trent 1000 yalipopata matatizo ya kuchakaa mapema na ndege nyingi zikaegeshwa mwaka 2018, mashirika yalisubiri matengenezo na kukodi ndege nyingine.

Kwa mashirika madogo subira hiyo ni mateso. Mishahara inaendelea, kodi ya ndege inaendelea, abiria wamekwenda kwingine. Fidia huja, lakini huja polepole. Ndiyo maana nalirudia neno hili hadi wenzangu walichoka nalo: injini za akiba zijadiliwe kabla ya bei.

*

Kwa nini injini ya 737 ni bapa upande wa chini? Mwanangu aliniuliza dirishani uwanjani nikakosa jibu.

Mwambie ameona vizuri, na mweleze kwamba jibu linaanzia miaka ya 1960. 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967 ikiwa na injini nyembamba na ndefu za JT8D, zilizobanwa chini ya bawa. Ndege iliwekwa karibu na ardhi ili mizigo ipakiwe kwa mikono na ngazi iwe fupi. Baadaye feni zilikua, kwa sababu feni kubwa inayosukuma hewa nyingi taratibu inaokoa mafuta na kupunguza kelele. Miguu ya ndege ikabaki mifupi. Kwa 737-300, iliyoruka mara ya kwanza 1984, feni ya CFM56 ilipunguzwa hadi sentimita 152, vifaa vilivyokaa chini ya injini vikahamishiwa ubavuni, na ganda likabapwa chini ili lisiguse lami.

Hadithi hiyo ilijirudia kwenye 737 MAX kwa namna iliyoleta majonzi makubwa. Feni ya LEAP-1B ina sentimita 176, ndogo kuliko ya LEAP-1A ya Airbus lakini kubwa mno kwa nafasi ile. Mguu wa gurudumu la mbele ulirefushwa kwa takriban sentimita 20, na injini zikasogezwa mbele na juu. Maganda hayo, pale yalipokaa, yaliifanya pua ielekee kupanda zaidi katika hali fulani, na Boeing ikaweka programu ya MCAS ya kuishusha. Programu ile ilitegemea kipimo kimoja. Katika ajali za Oktoba 2018 na Machi 2019 walikufa watu 346. Injini zenyewe hazikuwa na kosa. Nalieleza hili kwa sababu watu hudhani kuchagua injini ni suala la wahasibu, kumbe umbo zima la ndege na namna inavyoruka vinaguswa.

*

Shirika likiwa na ndege nyingi za aina moja, ni busara kuchanganya injini za watengenezaji wawili?

Kwa shirika kubwa, ndiyo, nami ningelipigania hilo. IndiGo ya India ilianza A320neo kwa injini za Pratt & Whitney, na mwaka 2019 ikaagiza LEAP kwa ndege 280 zilizofuata. Air New Zealand, ambayo 787 zake zilikuwa na Trent 1000, mwaka huohuo wa 2019 ilichagua GEnx kwa 787-10 ilizoagiza. Upande mmoja ukiugua, upande mwingine unaruka.

Gharama yake ipo: vipuri vya aina mbili, zana mbili, mafunzo mawili kwa mafundi, na ndege ambazo haziwezi kuazimana injini usiku wa dharura. Ukiwa na ndege mia moja, mzigo huo unabebeka. Ukiwa na ndege kumi, utajikuta na injini moja ya akiba kwa kila aina, na siku zinaposhuka mbili za aina moja akiba ile nyingine haikusaidii kitu. Kwa ndege kumi ningechagua aina moja, ile yenye karakana nyingi zilizoidhinishwa duniani hata ikiwa nyuma kidogo kwa mafuta, na nisingesaini mpaka idadi ya injini za akiba na siku za kuzifikisha ziandikwe kwa tarakimu.